Kazi ya kudumu au mikataba ya wiki 13? Ulinganisho kwa wauguzi wetu walioko Marekani

Simu iliingia saa mbili asubuhi. Ni binti mmoja tuliyesali naye kanisa moja hapa Texas, ametoka zamu ya usiku, bado yuko kwenye gari, hajaliwasha. "Dada, nimepata mkataba Florida. Dola 2,200 kwa wiki! Hapa nalipwa 40 kwa saa. Nimpelekee msimamizi barua ya kuacha kazi leo?"

Nilimuuliza mambo matatu kabla ya kugusa pesa. Ana mwaka wa ngapi tangu apate grini kadi? Mkataba wake na waliomleta Marekani umeisha? Na hiyo nyumba anayoiacha Texas, nani ataendelea kuilipia? Akanyamaza. Rekruta, mtu wa wakala aliyempa mkataba huo, alikuwa ameongea naye dakika arobaini na hakuna hata moja kati ya hayo lililotajwa.

Nimefanya kazi pande zote mbili. Nilikuwa nesi wa kudumu, nikaacha nikazunguka na mikataba, kisha nikarudi kudumu. Sijutii upande wowote. Kinachoniuma ni kuona wenzetu wakilinganisha wiki moja ya huku na wiki moja ya kule, halafu mwaka ukiisha wanashangaa pesa imekwenda wapi.

Unalipwa kuziba pengo

Ukielewa hili, mengine yote yananyooka. Nesi wa kudumu ameajiriwa na hospitali. Nesi wa mkataba ameajiriwa na wakala, na hospitali inanunua saa zake kupitia wakala huyo, kwa kawaida kwa wiki 13, zamu tatu za saa 12 kila wiki. Hospitali inanunua kwa sababu ina pengo. Wauguzi wawili wamekwenda kujifungua, wodi mpya imefunguliwa kabla watu hawajaajiriwa, au ni msimu wa baridi na wazee wa majimbo ya kaskazini wamehamia Florida na Arizona kutafuta jua, vitanda vimejaa.

Pengo likiwa kubwa, bei inapanda. Aprili 2020, New York ilipokuwa inazika watu kwa mamia kila siku, ilitangazwa mikataba ya hadi dola 10,000 kwa wiki. Ile ilikuwa bei ya pengo la wakati ule. Kufikia mwishoni mwa 2022 bei zilikuwa zimeshuka sana, na waliochukua mikopo ya magari na nyumba kwa hesabu za 2021 waliumia. Na pengo likizibika wewe ndiye wa kwanza kuondoka. Hospitali haijakuchukia. Haina tena sababu ya kukununua, basi.

Nesi wa kudumu analipwa kidogo kwa wiki kwa sababu sehemu ya hatari anabebewa na hospitali: akiugua kuna siku za ugonjwa, wagonjwa wakipungua hafukuzwi, bima haikatiki Februari. Nesi wa mkataba hatari hiyo anaibeba mwenyewe, na ile nyongeza anayolipwa ndiyo bei yake. Kazi yako ni kupima kama bei hiyo inatosha kwa mzigo wako wewe, maana mizigo yetu hailingani.

Makaratasi kwanza, hasa kwetu sisi

Nesi aliyezaliwa Ohio anaweza kulirukia suala hili. Sisi hatuwezi, na ndiyo maana nimeliweka mbele ya pesa.

Wengi wetu tumekuja kwa visa ya uhamiaji ya EB-3, tukidhaminiwa na hospitali au wakala, tukasaini kufanya kazi kwa miaka miwili au mitatu. Mkataba huo una kipengele cha kulipa fidia ukiondoka mapema. Kitafute, kisome, na kama hukielewi mlipe mwanasheria wa uhamiaji saa moja. Ni nafuu kuliko fidia. Tena grini kadi ilitolewa kwa msingi kwamba unakuja kumfanyia kazi aliyekudhamini. Ukimkimbia baada ya miezi miwili, swali hilo linaweza kukurudia siku ya mahojiano ya uraia.

Usichanganye pia wakala aliyekuleta kutoka Nairobi au Dar es Salaam na wakala wa mikataba ya kusafiri. Wa kwanza anakupanga hospitali moja kwa miaka, mara nyingi kwa mshahara wa kawaida. Wa pili anakubadilisha kila wiki 13. Wote wanaitwa mawakala, na wengine wanafanya kazi zote mbili, lakini uhuru wako kwa huyu si uhuru wako kwa yule.

Kisha uraia wenyewe. Unaomba baada ya miaka 5 ya grini kadi, na fomu ya N-400 unaweza kuituma siku 90 kabla miaka hiyo haijatimia. Sheria inataka uwe umeishi angalau miezi 3 katika jimbo au wilaya ya uhamiaji unakoombea. Mtu anayeruka Florida, Washington, Arizona, bila kuwa na makazi yanayoeleweka, anajitengenezea kazi ya kueleza anaishi wapi hasa. Ukibadilisha anwani una siku 10 za kuwaarifu Idara ya Uhamiaji. Na utaulizwa anwani zako zote za miaka mitano. Nesi wa kudumu anaandika mistari miwili. Mimi niliandika tisa, nikatumia wikendi nzima kutafuta risiti za nyumba nilizopanga.

Ukiwa umebakiza mwaka mmoja kufikia ombi la uraia na huna anwani imara, mimi naona ubaki kudumu. Mikataba haiishi. Itakungoja.

Pesa: piga hesabu ya mwaka

Huu ndio mfano niliompigia yule binti kwenye simu. Nimechukua Texas na Florida kwa sababu majimbo yote mawili hayatozi kodi ya mapato ya jimbo, hesabu inakuwa safi. Ni mtu asiye na mume wala watoto. Posho ni pesa ya kuishi mbali na nyumbani, na haikatwi kodi ukitimiza masharti nitakayoyaeleza chini. Weka tarakimu zako, utaratibu ni huo huo.

| | Kudumu, Texas | Mikataba 3, Florida |
|---|---|---|
| Kwa wiki | dola 40 × saa 36 = 1,440 | 864 ya mshahara (24 × 36) + 1,336 ya posho = 2,200 |
| Wiki zinazolipwa | 52, likizo ikiwemo | 39 |
| Jumla ya mwaka | 74,880 | 85,800 |
| Chumba chenye samani, miezi 9 | hakuna | 13,500 |
| Safari, leseni, vipimo | hakuna | 2,300 |
| Kodi ya mapato ya serikali kuu na makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) | kama 13,800 | kama 4,600 |
| Kinachobaki | kama 61,000 | kama 65,400 |

Kwa hiyo zile dola 760 za ziada kila wiki zimekuwa kama dola 4,400 kwa mwaka. Sasa ongeza hospitali inayochangia asilimia 4 kwenye akiba yako ya uzeeni ya 401(k): hiyo ni karibu dola 3,000 ambazo hazimo kwenye jedwali. Tofauti imeyeyuka.

Alipofika hapo binti alisema, "Basi ni bure." Si bure hata kidogo. Tazama mstari wa pili. Wa kudumu amefanya kazi mwaka mzima akapata likizo labda ya wiki nne. Wa mkataba amefanya kazi wiki 39, na wiki 13 ni zake. Alichonunua ni miezi mitatu ya maisha yake. Akiamua kuiuza na hiyo, akaunganisha mikataba hadi wiki 48, zile wiki tisa za ziada zinaingiza 19,800 kabla ya pango na kodi, na hapo ndipo pesa ya kusafiri inaonekana kweli. Lakini wanaoweza kuunganisha mwaka mzima bila pengo ni wachache kuliko wanavyosema. Kati ya mkataba na mkataba kuna vipimo vya kifua kikuu, vyeti vya chanjo, mtihani wa dawa, kusubiri leseni, na mara nyingine tarehe ya kuanza inasogezwa wiki mbili ukiwa umeshalipia chumba.

Kuna gharama nyingine iliyojificha kwenye posho. Posho haihesabiwi kama mshahara wa Social Security. Pensheni hiyo inapigwa kwa miaka 35 uliyolipwa vizuri zaidi, na miaka isiyokuwepo inaingia kama sifuri. Mmarekani aliyeanza kazi na miaka 22 anaweza kupoteza kidogo asihisi. Mwenzangu uliyefika hapa na miaka 38, miaka yako ni michache tangu mwanzo, na ukiijaza mishahara ya dola 24 kwa saa uzee wako utaonja. Vivyo hivyo benki: ukiomba mkopo wa nyumba, wanataka historia ya miaka miwili ya kipato, na wengi hawaitazami posho kabisa. Ukiwa na mpango wa kununua nyumba mwaka kesho, nunua kwanza ukiwa kudumu.

Makao ya kikodi, pale wengi wanapoteleza

Posho inakosa kukatwa kodi kwa sababu moja tu: unalipia makazi mara mbili. Una nyumba yako, na kazi imekulazimisha kulala mbali nayo. Mamlaka ya kodi, IRS, inatazama mambo matatu. Je, bado unafanya kazi kiasi fulani eneo la nyumbani? Je, unalipa gharama za nyumba hiyo huku ukilipa na za kule uliko? Je, hujaitelekeza, unarudi, familia yako iko pale? Ukitimiza moja tu au hakuna hata moja, wewe ni mtu wa kuhamahama, makao yako yako popote unapofanya kazi, na posho yote inakatwa kodi. Kwa mfano wetu hiyo ni zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka, na wakikugundua baada ya miaka mitatu wanaongeza riba na faini.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu naliona sana kwetu. Mtu ameacha nyumba yake, ameweka masanduku kwenye gereji ya binamu Dallas, barua zinafika pale, kwenye fomu ya wakala ameandika anwani hiyo. Binamu halipwi chochote. Hayo si makao ya kikodi. Kama unakaa kwa ndugu, mlipe pango la haki kama ambavyo angelipwa na mgeni, kwa hundi au benki, na ndugu yako ayatangaze mapato hayo kwenye kodi yake. Mkataba wa pango uandikwe, hata kama ni wa shemeji.

Tena ukikaa eneo moja zaidi ya mwaka mmoja, au ukijua tangu mwanzo kwamba utazidisha mwaka, kazi hiyo haiitwi tena ya muda, na posho inaanza kukatwa kodi. Ile habari ya maili 50 mnayoisikia ni sera ya hospitali na mawakala. Sheria ya kodi haina maili 50, inauliza kama kazi ilikulazimu kulala mbali na nyumbani. Tafuta mhasibu anayewajua wauguzi wa kusafiri.

Zamu ya kwanza

Hospitali moja Arizona, wodi ya moyo, saa 12:45 jioni. Nilikuwa nimepata siku moja ya maelekezo, saa nne zikiwa za kujifunza programu ya kompyuta ambayo tayari nilikuwa naijua. Kadi yangu haikufungua mlango wa chumba cha dawa. Nesi kiongozi wa zamu alikuwa na sura ya mtu ambaye hajaketi tangu mchana, akanipa wagonjwa watano, akasema, "Wewe ni wa mkataba, utaweza." Mmoja alikuwa kwenye dripu ya heparini, na pampu ilikuwa ya aina ambayo sijawahi kuigusa.

Nilimwomba msaidizi wa wauguzi, mama mmoja wa makamo, anitembeze dakika tano. Toroli la dharura hapa. Oksijeni ya akiba hapa. Namba ya kuita timu ya dharura moyo ukisimama ni hii. Niliandika namba zote kwenye plasta nyeupe nikaibandika nyuma ya kitambulisho changu. Kisha nikaenda kwa nesi wa chumba cha jirani nikamwambia, "Pampu hii siijui, nikague kabla sijabonyeza." Akanikagua. Saa tisa usiku mgonjwa wangu mwingine mapigo yalipobadilika, nilijua toroli liko wapi.

Nimeeleza haya yote kwa sababu ndiyo tofauti ya kazi yenyewe. Nesi mpya wa kudumu anapewa wiki sita, nane, kumi na mbili za kulelewa. Wa mkataba anapewa zamu moja au mbili. Anahamishwa wodi kabla ya wenyeji, mara nyingi anapewa wagonjwa ambao wenyeji wamewachoka, na hana rafiki wa kumwambia "nishikie dakika mbili." Mawakala wengi wanadai mwaka mmoja au miwili ya uzoefu kwenye idara unayoiombea. Mimi naona mwaka mmoja ni mdogo. Jipime hivi: mgonjwa wako akibadilika ghafla usiku, unajua la kufanya kabla hujamwita mtu? Kama bado unatafuta macho ya mwenzako kwanza, baki. Hakuna aibu. Wodi nzuri ya kudumu inakufundisha kitu ambacho hakuna mkataba utakufundisha, kwa sababu kwenye mkataba umenunuliwa ukiwa tayari umeiva.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Ndani ya miaka mitatu niliona namna tano za kupanga zamu, nikajifunza kwamba desturi nyingi nilizodhani ni sheria zilikuwa mazoea ya hospitali moja. Sikuingizwa kwenye kamati, sikusikia fitina za wodi, msimamizi hakunipigia simu siku ya mapumziko. Nilifanya kazi nikaenda nyumbani. Kwa nesi aliyechoka na siasa za wodi, hilo peke yake ni dawa.

Leseni na jimbo la kuanzia

Zaidi ya majimbo 40 yamo kwenye mapatano ya leseni ya NLC, Texas na Florida zikiwemo, na Washington iliyojiunga 2023. Ukiwa na leseni ya majimbo mengi kutoka jimbo unaloishi, unafanya kazi kwenye hayo yote bila kuomba upya. Ila leseni hiyo inafuata makazi yako. Ukihamia kabisa jimbo jingine la mapatano, una siku 60 za kuomba leseni ya huko.

California, New York na Oregon hazimo. California inataka alama za vidole na subira ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kwa hiyo omba leseni kabla hujatafuta mkataba. Lakini nakushauri uifikirie. Tangu Januari 2004 California ina kikomo cha wagonjwa kwa nesi kilichowekwa kisheria, na sasa ni hivi: watano kwenye wodi ya kawaida, wanne kwenye wodi ya mapigo ya moyo na idara ya dharura, wawili kwenye ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Texas haina sheria ya namna hiyo. Kwa mkataba wa kwanza, ukiwa mgeni wa kila kitu, kujua kwamba hawawezi kukupa mgonjwa wa sita ni ulinzi wa leseni yako.

Nyumbani kukiwa na shida

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoamua mimi.

Nilipokuwa kudumu, mama aliugua. Kutoka Dallas hadi Mombasa, kwenda na kurudi, nauli na siku za njiani, huwezi kwenda kwa siku tano. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Sheria ya likizo ya kifamilia, FMLA, inakupa hadi wiki 12 bila malipo kumuuguza mzazi, na kazi yako inakungoja. Lakini lazima uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250. Nilikuwa nimetimiza. Nilikaa na mama wiki tano, nikarudi nikakuta nafasi yangu ya kazi ipo na bima haijakatika.

Nesi wa mkataba anayebadilisha mawakala kila mara hafikishi miezi 12 kwa mwajiri yeyote. Akiondoka katikati ya mkataba anaweza kutozwa faini kwa zamu alizokosa. Lakini mkataba ukiisha, hahitaji ruhusa ya mtu. Mwaka wangu wa pili wa kuzunguka nilimaliza mkataba Novemba, nikakaa Mombasa hadi katikati ya Januari. Nililala kwenye chumba cha mama, nikampeleka kliniki mwenyewe, nikaona kwa macho yangu dawa gani anameza na gani anaficha chini ya mto. Hakuna likizo ya kudumu iliyowahi kunipa wiki tisa.

Kwa hiyo jiulize shida yako ni ya aina gani. Kama mzazi ni mgonjwa wa muda mrefu na unataka kukaa naye vipindi virefu vilivyopangwa, mikataba inakufaa. Kama unahofia dharura ya ghafla, kudumu kunakulinda zaidi. Na bima ipangie mapema: bima ya wakala mara nyingi inakatika mkataba ukiisha. Sheria ya COBRA inakupa siku 60 za kuamua kuendelea nayo, na ukiamua inarudi nyuma hadi siku ilipokatika. Bei ni kali kwa sababu unalipa na sehemu ya mwajiri, lakini kwa pengo fupi unaweza kusubiri ndani ya siku hizo uone kama utaihitaji. Mwenye watoto au dawa za kila mwezi asicheze mchezo huo. Achukue bima yake binafsi isiyotegemea wakala.

Watoto, kwa kweli, ndio wanaoamua kwa wengi. Nimewaona wenzangu wakisafiri na watoto wadogo, inawezekana. Mtoto akishaanza shule na ana marafiki, wiki 13 ni nusu ya maisha yake.

Kabla hujasaini

Mambo yafuatayo yawe kwenye karatasi, maana ahadi ya simu haina uzito. Saa za uhakika: hospitali ikikuambia usije leo wagonjwa ni wachache, nani analipa? Mikataba mingi inawaruhusu kukufutia zamu moja kila kipindi cha malipo bila kukulipa, na zamu tatu kwa miezi mitatu ni pesa. Kufutwa kwa mkataba wote: wanatakiwa kukupa taarifa ya siku ngapi? Kuhamishwa wodi: majina ya wodi yaandikwe. Ovataimu: kwa kiasi gani, ya ile 24 au ya zaidi? Siku unazotaka mapumziko, Krismasi au Idi au harusi ya mdogo wako, ziingie kwenye mkataba kabla ya saini. Ukishaanza kazi, hakuna unayemdai huruma.

Muulize pia msimamizi wa wodi kwenye mahojiano: wagonjwa wangapi kwa nesi usiku, na kwa nini mna pengo. Akijibu bila kusita, vizuri. Akisema watu wanane wameacha tangu kiangazi, umeshajua.

Chumba usilipie kwa mtu ambaye hujamwona akiwa ndani yake, hata kwa video. Wiki mbili za kwanza kaa hoteli ya kupika mwenyewe, utafute ukiwa pale pale.

Kuna mikataba ya migomo pia, ya kushika zamu za wauguzi waliogoma, inalipa sana kwa siku chache. Sheria inavitaka vyama vya wauguzi kutoa taarifa ya siku 10 kabla ya mgomo, na siku hizo mawakala wanapiga simu usiku na mchana. Sijawahi kuchukua. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma miezi mitano, dada yangu alikuwa mmoja wao, na najua heshima ya wodi inavyodaiwa kwa njia hiyo peke yake. Wagonjwa hawawezi kuachwa, naelewa hoja hiyo, na sitamhukumu anayekwenda. Mimi siwezi.

Njia ya katikati

Ipo, na haitajwi na rekruta kwa sababu haimlipi. Ni kubaki na zamu za kuitwa hospitali ya nyumbani, zisizo na uhakika wa saa wala bima lakini zinalipa zaidi kwa saa, huku ukichukua mkataba mmoja au miwili kwa mwaka. Inakupa kipato nyumbani, na hilo linasaidia kwenye makao ya kikodi. Inakupa pia mlango wa kurudia. Kwa mwenye mwenza mwenye bima nzuri, hii ndiyo ningeichagua leo.

Yule binti? Grini kadi yake ina miaka minne na miezi mitatu, mkataba wa waliomleta uliisha mwaka jana, na mchango wa hospitali kwenye 401(k) yake unakuwa wake wote akitimiza miaka mitano ya kazi. Tulihesabu pamoja: ombi la uraia na hiyo miaka mitano ya kazi vyote vinaangukia mwaka kesho, vikipishana wiki chache. Ameomba kuhamia zamu za ICU ili akisafiri awe na idara inayolipa vizuri, na ombi la leseni ya California ameshalituma. Rekruta alimpigia tena Jumatano. Binti alimwambia ampigie mwaka kesho baada ya Pasaka.